Bunduki Isiyolia

Tunduma, mvua za kwanza

Binamu yangu Lameki,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Najua ulikuwa unasema mwandiko wangu ni kama wa kuku aliyekanyaga masizi akapita juu ya shuka la mchungaji, lakini habari nilizo nazo si za kumpa karani aniandikie. Nimekata kipande cha ile karatasi ya kahawia ninayokatia mitindo, nimekaa barazani kwenye cherehani yangu. Mteja akipita atadhani napima suruali ya mtu mnene.

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nilikuwa miongoni mwa waliokushusha. Nitakupa habari za huku, nazo nitazipanga moja baada ya nyingine, kwa sababu wewe ukishadokezwa mwisho wa jambo hunyanyuka ukaondoka ukamwacha mwenzako anaongea na kigoda.

Desturi yetu unaijua kuliko mimi. Hata hivyo nitaiandika, maana karatasi hii inaweza kuokotwa na mtu wa pwani akadhani fundi wa Tunduma amerukwa na akili. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Mmoja akifa, aliyebaki anamvaa. Anachukua nguo zake, anaigiza mwendo wake na maneno yake mbele ya waombolezaji, ili marehemu acheke kidogo kabla ya kufukiwa. Basi nilikuvaa. Nilivaa lile koti lako la kaki lenye mfuko uliotobolewa na baruti. Nikatia gobore lako begani, nikatembea nikiburuta mguu wa kushoto, ule alioupasua ngiri, uliokuwa unaukokota kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani.

Kisha nikafanya pua. Mungu anisamehe, nilifanya pua. Tangu gobore likupige teke usoni ukiwa kijana, kila ulipovuta pumzi pua yako ilitoa mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Nikapiga mluzi ule, nikamlenga mwinjilisti kwa gobore tupu, nikamwambia asimame vizuri, nyama ya mwinjilisti ina mafuta. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Tabita, mkeo, naye alicheka, akajifunika uso kwa kaniki yake. Halafu kicheko kikageuka katikati, kila mtu akaanza kulia upya, na mimi nikabaki nimesimama na koti lako, sijui niweke wapi mikono.

Kukuvaa kulikuwa kazi nyepesi. Ugumu ulikuwa kukuvua, na aliyemvaa marehemu ndiye wa kumvua. Kama ungekuwa mkulima, ningeleta ulezi niliolima mwenyewe, mambo yakaisha. Wewe ulikuwa mwindaji, kwa hiyo ilinipasa nilete nyama ya porini niliyoiua kwa mkono wangu. Mjane anywe mchuzi wake, anyolewe, avuliwe kamba ya gome kichwani, atoke kulala chini arudi kitandani. Hapo ndipo anaruhusiwa kushika jembe. Kabla ya hapo hawezi kutia mbegu yoyote ardhini, na mvua haimsubiri mjane wa mtu. Wewe mwenyewe unajua: asiyepanda na mvua za kwanza huko bondeni kwenu anakula mikono yake.

Hapo ndipo niliponaswa. Mimi ni fundi cherehani. Maishani mwangu kila nyama niliyokutana nayo nimeikuta imekwisha kuchunwa.

Nilirudi Tunduma nikijiambia kiangazi ni kirefu, nitajipanga. Kesho yake nikakaa kwenye cherehani nikanyage, mguu wa kushoto ukakataa. Haukuuma. Ulikuwa mzito tu, kama wa mtu mwingine aliyeusahau kwangu. Mshono ulikwenda ukapinda kama njia ya ng'ombe. Mteja mmoja alivaa suruali yake, akajitazama, akaniuliza kama nimemshonea yeye au mbuzi wake. Nilicheka naye. Nilipoinuka kumpisha, niliburuta mguu mpaka mlangoni, akaacha kucheka.

Nyumbani mke wangu alinistahimili siku kadhaa, kisha akaniambia, tukila, bila kuinua macho, "Mimi niliolewa na mume mmoja. Sasa naona tunalala watatu, na mmoja anapiga mluzi."

Nilimwambia ni mafua. Alisema mafua yana haki ya kupona.

Basi nikashuka kwenu. Mzee Zakaria, baba yako mkubwa, alinikabidhi gobore lako, pembe ya baruti, na kile kikopo cha fataki. Alinitazama namna ya mtu anayemkabidhi mtoto chungu cha wageni. Nilikwenda bondeni, kule chini ambako mto Momba ukikauka unabaki na madimbwi na wanyama wanashuka kunywa. Nilishindilia baruti jinsi nilivyokuona unashindilia, nikatia vyuma, nikakaa. Nsya akaja, yule paa wa vichakani. Mdogo, mwembamba, masikio yanacheza. Nikainua gobore.

Ndipo nikausikia ule mluzi, sikioni, upande wa kulia, pale ulipokuwa unasimama uliponichukua kuwinda na kunicheka. Hewa ya huko ilikuwa ya moto, unaijua, lakini pumzi ile ilikuwa na moto wake mwenyewe. Iliingia ikatoka. Nikashusha gobore polepole, nikageuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyasi kavu, na jani moja tu lililoinama, wakati upepo haukuwapo.

Sitakudanganya kwamba niliondoka kwa heshima. Nilikimbia, binamu. Na ule mguu wako mbovu, uliokataa kukanyaga cherehani, siku ile ulikimbia vizuri kuliko wangu mzima.

Nilikaa Tunduma nikifikiri. Akili ya fundi hufanya kazi polepole, hupima mara nyingi kabla ya kukata. Nikaona hivi: lile gobore ni sauti yako. Maisha yako yote lilipolia, wewe ulikuwa nyuma yake. Ukilisikia tu linajongea begani kwa mtu, lazima uje kuangalia ni nani. Dawa yake ni kupata bunduki usiyoijua, isiyo na baruti, isiyo na moshi, isiyolia. Tena iwe inafika mbali, ili niue nikiwa pembeni kabisa, nisiingie katika vile vichaka unavyovijua kama chumba chako. Nikaamua kutafuta bunduki ya upepo.

Usicheke. Najua ulikuwa unaziita pampu za baiskeli.

Mhindi mwenye baraza ninaposhonea alikuwa nazo mbili dukani. Ya tatu ilikuwa ya Simoni, yule aliyerudi kutoka migodini ng'ambo ya mpaka, anayewasalimia hata mbuzi "mulishani" ili watu wajue alikotoka. Tulizijaribu zote nyuma ya duka, tukaweka debe kwenye kichuguu, na nusu ya soko ikahamia pale. Kila mtu alikuwa na shauri. Waliopiga kelele zaidi ni wale ambao hawajawahi kushika hata manati.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi, unaikunja kiunoni kama unavunja muwa, springi inavutwa ndani, unatia kirisasi, unaifunga. Karibu ilipiga vizuri. Niliporudi nyuma mpaka ukuta wa choo, ikaanza kupeleka kushoto. Nikaushika mtutu nikautikisa, nikausikia unacheza kwenye bawaba. Nguo ikiwa imelegea begani huwezi kuirekebisha kwenye pindo, nikasema, nikairudisha.

Ya Simoni ilikuwa na mtutu mpana na virisasi vizito vyenye viuno. Simoni alisema aliua bata kwayo ng'ambo ya mto mkubwa, na bata huyo kila alipoendelea kusimulia alizidi kunenepa. Pale karibu ilitoboa debe kwa hasira. Mbali, kirisasi kilikwenda kikachoka, kikaanguka chini ya kichuguu. Nikalenga juu zaidi, kikapita. Nikalenga katikati ya juu na chini, kikagonga jiwe, kikaruka na kumpiga Simoni mwenyewe kwenye kofia. Huyo bata, nadhani, alikufa kwa uzee.

Ile ya pili ya Mhindi ilikuwa nzito kama dhambi. Mtutu wake umeshikwa imara, haukunjwi. Chini yake kuna mkono wa chuma unaouvuta kuishindilia upepo. Virisasi vyake vidogo. Niliviviringisha juu ya meza ya kukatia, kila kilichoyumba nikakitupa, vilivyokwenda sawa nikaviweka. Hiyo kazi naiweza. Macho yangu yamezoea kufuata mstari, na mstari wa bunduki ile ulikuwa umenyooka. Kutoka ukuta wa choo, matundu yalikaa kwenye debe karibu karibu kama vifungo vya shati la mtoto. Watu wakapiga makofi. Mhindi hakupiga. Alikuja akatia kidole kwenye debe, akaona matundu mengine hayakutoboka, yamebonyea tu.

"Fundi," akasema, "hii kufika inafika. Lakini kufika ni jambo moja, kuingia ni jambo jingine."

Nilimsikia. Nilichagua kutomsikia. Nilitaka ya kufika.

Karani wa boma aliyeniandikia kibali aliniuliza nataka kuua nini. Nikamjibu, kanga. Akanitazama tumbo, akanitazama mguu, akasema kanga wa wilaya hii wana bahati. Akagonga muhuri.

Niliposhuka tena bondeni, nchi ilikuwa imekauka imepasuka, na upande wa Rukwa mawingu yalikuwa yameanza kujipanga mchana. Majirani wote wa Mama Tabita walikuwa wamekwisha kuchoma majani mashambani, wanangoja tone. Shamba lake peke yake lilikuwa na mabua ya mwaka jana. Lilionekana kutoka mbali, kama jino lililooza katika kinywa kizuri. Sikutaka kupita kwake. Nilipita nyuma ya nyumba.

Kanga walikuwa wengi kando ya madimbwi. Nililala kifudifudi mbali, mbali kweli, nikalenga. Bunduki ikatoa sauti ya mtu anayechomoa kizibo kwa adabu. Kanga mmoja akaruka kidogo, akajikung'uta manyoya, akanitazama. Kumbe kanga wanaweza kumdharau mtu. Nikapiga tena. Nikaona kabisa kirisasi kimemgusa bawani. Akamwambia mwenzake jambo, wakaendelea kula.

Na wewe ulikuwapo. Nilitaka nisikuandikie hili lakini nitaandika. Ulikuwapo kuliko siku ya gobore. Siku ile palikuwa na kudunda kwa moyo wangu, palikuwa na hofu ya kishindo kinachokuja. Mambo hayo yalijaza masikio. Bunduki hii haikuwa na kishindo cha kungojea. Nililala katika kimya nilichokichagua mwenyewe, na ndani ya kimya kile pua yako ilipiga mluzi, ikanyamaza, ikapiga. Nilihesabu pumzi zako kama mtu anayemwuguza mgonjwa. Sikugeuka. Nilikwisha kujua hakuna nitakachoona isipokuwa jani.

Jioni ilipokaribia nilitambaa karibu, kwa aibu tu ya kurudi mikono mitupu. Kanga mmoja alikuwa amepanda tawi la chini. Nilimpiga shingoni kwa umbali ambao hata kwa jiwe ningemweza. Akaanguka.

Nikaingia kijijini nimemshika miguu, kichwa juu, naburuta mguu kama shujaa. Mzee Zakaria alikuwa amekaa na wazee wenzake. Nikamweka kanga mbele yake, nikangoja asifie. Alimgeuza kwa fimbo. Akauliza nimemwua saa ngapi. Nikamwambia sasa hivi, pale chini madimbwini.

"Sisi hatukusikia kitu," akasema.

Nikamweleza kwa fahari kwamba bunduki hii hailii, ni ya kisasa, inatumia upepo. Nikavuta ule mkono wa chuma, nikawaonyesha. Wazee wakaitazama kama wanavyotazama mtoto wa mtu mwingine akiimba. Mzee mmoja akauliza kama inaweza pia kujaza gurudumu.

Mzee Zakaria hakucheka. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, sisi tulio juu ya udongo, tuna masikio, hatukusikia. Yule aliye chini atajuaje kwamba amepewa? Mwindaji hapewi nyama kimyakimya kama mtu anayeibiwa."

Nilibisha. Unanijua, nilibisha sana. Nikamgeukia hata mwinjilisti, nikadhani atakuwa upande wangu kwa kuwa kanisani hafurahii mambo haya. Mwinjilisti alisema yeye hajui habari za wafu kusikia bunduki, Maandiko hayasemi. Kisha akasema, lakini kama kuna jambo la kufanya lifanywe vizuri. Nilimwona siku hiyo hiyo akimtazama kanga wangu kwa namna ambayo si ya Maandiko. Tulimla sisi wanaume, kama mboga ya kawaida. Hakuonjeshwa Mama Tabita.

Asubuhi nilikwenda kumuaga Mama Tabita nirudi Tunduma. Ndiyo, binamu, nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo. Nilijiambia nitatafuta mtu, wapo wawindaji wa kweli, nimwombe mmoja wao akuvue badala yangu. Nilimkuta amekaa mkekani nje ya mlango, kamba ya gome kichwani, nywele zimesimama, midomo imepasuka. Jembe lako lilikuwa limeegemezwa ukutani mbali naye, kwa sababu hata kulipita karibu haruhusiwi. Tabita, binti yenu, alikuwa amekwenda kwa watu kuomba mbegu kabla hazijaisha.

Nikaanza kueleza habari za cherehani na wateja. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

"Shemeji," akasema, "wewe unamwogopa. Mimi simwogopi, lakini nimechoka naye. Kila asubuhi naamka mgongo wangu umejaa udongo, na yeye amekaa hapo mlangoni anangoja chakula chake. Mpe chakula, aende. Mpe, na mimi niende shambani."

Alisema bila hasira. Ingekuwa kwa hasira ningeondoka. Nyuma yake mawingu yalikuwa meusi kabisa upande wa Kamsamba, na kulikuwa na ile harufu ya vumbi linalosikia maji kutoka mbali.

Nikachukua gobore lako. Ile bunduki yangu niliiegemeza pale pale ukutani.

Njiani kwenda bondeni niliongea nawe kwa sauti. Kama mtu angenikuta, angenipeleka misheni nikapimwe. Nilikuambia kwamba kama unakuja, njoo, lakini acha kusimama nyuma ya mtu kama askari wa kodi. Nilikuambia pua yako ni aibu ya ukoo. Nilikuambia yule ngiri alikuwa na haki. Nilikutania yote niliyokuwa nayo, na yaliyoisha nikarudia. Nilisimama kushindilia gobore nikiendelea kukutukana, nikamwaga nusu ya baruti juu ya kiatu.

Safari hii sikutafuta mahali pa mbali. Gobore halijui mbali, na mimi nilikuwa nimekwisha kuona mbali kulinifikisha wapi. Niliingia katika vile vichaka vyako, ndani, pale miiba inapokamata nguo, nikapiga magoti. Nilikaa mpaka mguu wa kushoto ukafa ganzi, na sikujua tena kama ganzi ni yangu.

Nsya akaja kunywa. Sidhani alikuwa yule yule, lakini moyoni nilimsalimia kama yule yule. Nikainua. Ukaja. Mluzi, sikioni, kulia. Machozi yalinitoka kwa woga, si kwa mapenzi, usijidanganye. Ila sikushusha. Nikasikiliza. Pumzi iliingia. Ikatoka. Ikaingia.

Ikakatika.

Miaka yote niliyokufuata porini nikikanyaga vijiti vikavu, sikuwahi kujua kwamba mwindaji huzuia pumzi kabla ya kufyatua. Hukunifundisha, au ulinifundisha nikawa nazungumza. Pua yako iliponyamaza, na mimi nilinyamaza, na mkono ukavuta.

Sikumbuki kishindo. Nakumbuka mbingu, kwa sababu nilikuwa nimelala chali naitazama. Gobore lilikuwa limenipiga begani na kwenye shavu, moshi umejaa kila mahali, mdomoni ladha ya kibiriti. Moshi ulipopungua niliona nsya amelala ukingoni mwa dimbwi, kichwa majini. Halafu, kutoka juu kijijini, nikasikia vigelegele. Kimoja, kisha vingi. Wanawake walikuwa wamelisikia. Hata viziwi walilisikia, nadhani, maana nilikuwa nimelitia baruti ya magobore mawili kufidia ile niliyoimwaga.

Nikageuka kulia kukuambia.

Nikasema, "Binamu?" Ndege walikuwa wamekwisha kuruka wote. Nikazuia pumzi yangu ili nisikie vizuri. Hakuna. Nyasi zilikuwa nyasi. Niliinuka nikatembea hatua kadhaa kwenda kwa nsya, ndipo nikatambua kwamba natembea sawasawa, miguu yote miwili, na nikasimama katikati ya njia kama mtu aliyeibiwa.

Sasa habari za mkeo. Mchuzi ulipikwa siku ile ile, bila chumvi, kama inavyopasa. Mzee Zakaria alimimina wa kwanza chini, akakutaja jina na kukuambia umesikia mwenyewe. Mama Tabita alikunywa. Walimnyoa akiwa ameinamisha kichwa, na kamba ya gome ikatupwa mtoni. Aliposimama, matone yalianza, makubwa, machache, kama mtu anayetupa kokoto juu ya bati. Wanawake walitaka kumwingiza ndani. Alikataa. Alikwenda moja kwa moja hadi ukutani, akachukua jembe, akaenda shambani kwake kichwa kikiwa kitupu kinang'aa mvuani, na Tabita nyuma yake na kibuyu cha mbegu. Ndugu wote tukashuka nao, tukafyeka yale mabua na kulima mpaka giza. Hata mwinjilisti alishika jembe. Analima vibaya.

Ile bunduki ya upepo sikuichukua tena. Iko kwake. Anakaa nayo kivulini anawapiga ndege wanaofukua mbegu, na wanaanguka. Amewahi kuniuliza, kwa upole, kama wakati ule nilikuwa nalenga kwa jicho lililofumbwa.

Mimi nimerudi. Cherehani inakwenda, mishono imenyooka, wateja wamerudi na matusi yao ya kawaida. Mke wangu anasema sasa tunalala wawili, na anasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Wote wanafurahi kwamba nimepona.

Nisikilize basi, maana hili sijamwambia mtu. Kuna wakati mchana, soko linapopoa, nasimamisha gurudumu kwa mkono, naacha mguu juu ya kikanyagio, nasikiliza upande wa kulia. Birika la mke wangu likikaribia kuchemka ndani, naitika kabla sijajizuia. Miezi ile yote nilidhani natafuta namna ya kukukimbia, na nilipoweza, siku ile bondeni, ndiyo siku uliyonifia. Mazishini nilikuwa nimekuvaa. Nilikuwa na kazi. Siku ya nsya sikuwa na kazi yoyote tena, nikabaki na gobore la moto mkononi na hakuna wa kunicheka jinsi nilivyoanguka.

Na jambo jingine limenijia juzi, nikiwa natia uzi kwenye sindano. Katika ukoo huu wote mimi nilikuwa na mtani mmoja wa kweli. Wengine ni wadogo, wananiamkia "shikamoo" na kuinamisha macho. Nikifa, ni nani atakayevaa koti langu? Nani atajua kwamba nakoroma nikiwa macho, kwamba napima kila mtu kwa macho kabla ya kumsalimu, kwamba namwita kila mteja "mkubwa" ili asione suruali imechelewa? Watanizika wamenyamaza, Lameki. Watanizika kwa heshima. Naogopa jambo hilo kuliko nilivyowahi kukuogopa wewe.

Kwa hiyo nakuahidi hili. Watoto wa dada zangu nitaanza kuwachokoza. Nitawatania mpaka wachukie, nitawaita majina, nitawanyima heshima ili na wao waninyime. Yule mkubwa jana alinisalimu kwa adabu nikamwambia ana masikio ya nsya. Alishtuka. Akaenda zake. Lakini alipofika kwenye kona ya duka la Mhindi nilimwona akigeuka, akawaambia wenzake jambo, kisha akainamisha mgongo na kutikisa miguu kama mtu anayekanyaga cherehani, wote wakacheka.

Alikosea kidogo mabega yangu. Atajifunza.

Pumzika sasa, mla panya wee, mwenye pua ya birika. Tumekulisha, umesikia, nenda.

Mimi mtani wako,
Yeremia fundi